Umegeuza wimbo kuwa MIDI ikatoka vurugu? Anza kutafuta hapa

Swali ni lile lile kila siku, "programu gani nzuri ya kugeuza wimbo kuwa MIDI", na mtu akishatajiwa jina anaidaunlodi usiku huo huo, anatia taarab ya dakika kumi na mbili yenye fidla nne, kodiani, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa), besi na ukumbi mzima unapiga vigelegele, halafu kinachotoka hakisikiliziki, basi anaitukana programu anakwenda kutafuta nyengine. Na hiyo nyengine inampa vurugu la namna yake. Mimi naona tuanze kwengine kabisa: umeipa kitu gani isikilize, na imekosea vipi. Kila kosa lina sura yake, ukiijua sura unaijua sababu, na saa nyengine dawa haina uhusiano wowote na programu.

Tuelewane kwanza hapa. Ndani ya MIDI hamna sauti. Ni maagizo tu, mpango wa 1983 wa kufanya vinanda vya kampuni mbali mbali visikilizane, kila noti ina namba 0 mpaka 127 (C ya kati ni 60), imeanza wakati gani, imeisha wakati gani, imepigwa kwa nguvu kiasi gani, nayo 0 mpaka 127. Basi. Kwa hivo kugeuza rekodi kuwa MIDI si sawa na kugeuza wav kuwa mp3. Programu inakaa inasikiliza, halafu inakisia. Ukiipa kitu kisichosikika vizuri itakisia vibaya, hata iwe umeilipia.

FAILI HALIFUNGUKI, AU LINAFUNGUKA HALINA SAUTI

Hili ni dogo tulimalize. Tizama ukubwa wa faili. MIDI ya wimbo mzima kawaida ni kilobaiti kadhaa, makumi, labda mia na kitu ukizidisha sana. Ukikuta faili lako la .mid lina megabaiti nne, hilo ni mp3 lilobadilishwa jina, na wako watu wanafanya hivo kwa makusudi, wanabadilisha herufi za mwisho wanaamini wamegeuza. Ukitaka uhakika lifungue kwa Notepad, faili la kweli la MIDI linaanza na herufi MThd, baada yake takataka tupu. Kama hamna MThd hiyo si MIDI.

Kama faili ni la kweli lakini kimya, jibu nshakupa juu, halina sauti ndani, linataka kitu cha kulipigia. VLC kwenye kompyuta nyingi inataka uipe kwanza faili la sauti za ala, saundifonti, bila hiyo inakodoa macho tu. Rahisi zaidi fungua kwa MuseScore, ni ya bure, ina sauti zake mwenyewe na unaziona noti.

NOTI MOJA YA CHINI INALIA MWANZO MPAKA MWISHO

Unafungua unaona mstari mrefu chini, haukatiki, hata pale wanamuziki waliponyamaza. Tizama namba zake. Kama ni 31, au 43, au 50, au zote tatu, huo ni umeme. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na G ya chini kabisa ya besi ni Hz 49, wapi na wapi, programu inaona ni noti. Halafu ule mtetemo wa 50 unazaa wa 100 na wa 150, 100 imekaa jirani na G ya juu yake ilo Hz 98, na 150 iko karibu na D ya Hz 146.8. Ndo maana unaona G, G na D zimejipanga kama mtu kazikalia.

Ikiwa rekodi unaifanya sasa hivi mwenyewe, chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri, mara nyingi inaondoka papo hapo. Ikiwa ni rekodi ya zamani ipitishe Audacity, kuna kichujio kinachokata mtetemo mmoja tu, kipe 50, halafu 100, halafu 150, kidogo kidogo usije ukaikata besi yenyewe. Na kama ulitaka fidla tu, wala usihangaike, programu nyingi zina sehemu ya kusema "usisikilize chini ya hapa", iweke juu ya hizo noti umalize.

Hapo hapo niseme maana naulizwa sana: Audacity haigeuzi sauti kuwa MIDI. Ni ya kusafishia rekodi kabla, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana, lakini usikae unatafuta kitufe kisichokuwapo.

KILA NOTI IMETOKA MBILI, MOJA JUU MOJA CHINI

Uzi ukipigwa hautoi mtetemo mmoja. A ya Hz 220 inatoka na 440 na 660 na 880 ndani yake, sikio lako linazikusanya linasikia kitu kimoja, programu inazihesabu. Kwa hivo unapata noti yako, na kivuli chake oktavu juu, na kivuli chengine oktavu na tano juu, ile 660 ni E. Kivuli kawaida ni dhaifu na kinaanza punde kidogo tu baada ya mwenyewe, hivo pandisha kiwango cha uhakika kwenye programu, yani iandike zile tu ilizo na hakika nazo, vivuli vingi vinaondoka. Vilobaki chagua noti zote zilopigwa kwa nguvu ndogo, chini ya 30 tuseme, uzime usikilize kabla hujafuta.

Lakini polepole hapo, maana kwenye taarab oktavu saa nyengine ni ya kweli! Mpigaji kanuni anatumia mikono miwili, mkono huu unafuata ule oktavu chini. Fidla iko juu, udi uko chini, wote wanacheza sauti ile ile kila mtu na madoido yake. Kile ambacho mwongozo wa kwenye video za wazungu unakwambia "futa ni kosa" kwetu huenda ndo kanuni yenyewe unaifuta. Zima, sikiliza, washa, sikiliza. Hakuna njia ya mkato.

NOTI ZINARUKARUKA BAINA YA JIRANI WAWILI

Hapa ndo penyewe, na hapa ndo watu wengi wanaachia njiani. Unafungua unaona E, E flati (kitufe kinachoifuata chini), E, E flati, E, ndani ya noti moja ilovutwa na mwimbaji. Sababu ziko mbili na dawa zake hazifanani hata kidogo, kwa hivo lazima ujue kwanza ni ipi.

Tizama wimbo mzima. Kama noti ZOTE zinayumba, C kwa C kali (kitufe kinachoifuata juu), F kwa F kali, kila kitu, basi rekodi nzima haiko kwenye sauti ya kinanda. Ni kaseti. Mkanda wa mashine umelegea, au iliporekodiwa mashine ilikuwa na spidi zake, na hapa kwetu nyimbo nyingi nzuri ziko kwenye kaseti ya kaseti ya kaseti. Wimbo ukishuka nusu ya hatua ya kinanda, yani senti 50 kwa hesabu ya senti 100 kila hatua, kila noti inakaa katikati ya vitufe viwili, programu itafanyaje, inarusha huku na huku. Dawa: tafuta noti ndefu ilotulia, ile wanayomalizia wimbo, ipime kwa tyuna yoyote ya simu, uone imepotea senti ngapi. Halafu Audacity, badilisha spidi, ile inayobadilisha mwendo na sauti pamoja, maana kaseti ikienda polepole vyote viwili vinashuka pamoja. Senti 50 ni kama asilimia 2.9 ya spidi, hatua nzima ni asilimia 5.9. Ukisharekebisha geuza upya, utashangaa noti zilivotulia.

Sahani za santuri nazo vile vile. Zile alizorekodi Siti binti Saad Bombay 1928 ni sahani za mizunguko 78 kwa dakika, lakini mashine za zama hizo hazikuwa na spidi moja halisi, na alohamisha kuweka kwenye kompyuta naye ana mashine yake, basi usiamini sauti uloikuta kwenye mp3. Juu ya hayo kuna ule mkwaruzo wa sindano, na programu inaona kila mpasuko ni ngoma.

Sasa sababu ya pili. Kama C imetulia, F imetulia, G imetulia, halafu E na B peke yake ndo zinaruka, yakhe, usiguse spidi. Hiyo ni Rasti, moja katika maqamu, yani mipangilio ya noti ya muziki wa kiarabu ambayo taarab inaitumia. Rekodi haina ubaya na programu haina ubaya, ni kwamba noti ilopigwa haiko kwenye kinanda. Rasti ikianzia C, E yake imekaa baina ya E na E flati, na B vile vile, ni robo toni, karibu senti 50 chini, mpigaji huyu anaiweka juu kidogo yule chini kidogo. Bayati, maqamu nyengine, ikianzia D, ni E hiyo hiyo. MIDI ya kawaida inajua vitufe kumi na viwili tu kwa oktavu, hamna cha kumi na tatu, kwa hivo programu inatupa shilingi. Na wimbo wenye kodiani hutoona sana tatizo hili maana kodiani ina sauti zake zimefungwa, haipindi, lakini udi, fidla na koo la mtu vinakwenda vinakotaka.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni pichi-bendi, ile gurudumu ya kando ya kinanda inayopinda noti juu na chini. Kwenye faili inahesabiwa 0 mpaka 16383, katikati 8192, na ikiwa imewekwa hatua mbili juu na hatua mbili chini, ambayo ndo kawaida, robo toni ni 2048. Kwa hivo E ya Rasti ni E kamili na bendi 6144, programu nyengine zinaandika kutoka sifuri kwa hivo utaona -2048. Basic Pitch, programu ya kugeuza nitakayoitaja mwisho, na wenzake wanaweza kukuandikia bendi wenyewe. Ubaya wake ni kwamba bendi inashika chaneli nzima, yani ile njia moja ya ala ndani ya MIDI, ukipinda E na C inalia chaneli hiyo hiyo inapinda na yenyewe, na chaneli ni 16 tu. Kwa udi peke yake au mwimbaji peke yake inafaa sana, kwa kanuni inayopiga noti mbili tatu pamoja inaharibu. Na ikitokea umefungua faili unasikia sauti inapaa na kuanguka kama ilotiwa wazimu, hiyo si Rasti wala nini, bendi iliandikwa kwa hatua mbili na kinanda chako kimewekwa kumi na mbili, zifanye zilingane.

Ya pili ndo naipenda mimi. Chukua hicho kipande cha Rasti, hizo E na E flati zilotawanyika ziunganishe zote ziwe E kamili, noti moja ndefu, na B fanya hivo hivo. Faili lako sasa ni safi kabisa, vitufe vya kawaida. Halafu nenda kwenye kinanda uishushe E senti 50 na B senti 50 kwenye sehemu ya skeli. Vinanda vya Yamaha vya mtindo wa kiarabu na Korg za Pa vina sehemu hiyo, na wapigaji wa rusha roho wanaijua kwa kufumba macho. Kwenye kompyuta Surge XT ni ya bure na inakubali faili la skeli, Logic Pro unaweza kupanga noti moja moja, na Ableton Live kuanzia toleo la 12 la 2024 ina mifumo ya skeli ndani yake.

Shida ni kwamba taarab haikai pahala pamoja. Wimbo umeanza Rasti, katikati unakwenda Hijazi juu ya G, pale B ni B kamili, haishuki, na A ndo inakuwa A flati. Ukihamia Nahawandi ya C, E flati ni E flati ya kweli, usije ukaiunganisha na zile nyengine. Kwa hivo kabla hujaunganisha chochote kata wimbo vipande kwa maqamu, bashrafu (ule utangulizi wa ala tupu) peke yake, ubeti peke yake, kiitikio peke yake. Kama huyajui maqamu kwa sikio mtafute anoyajua mkae naye, Dhow Countries Music Academy ya hapa Zanzibar imeanza tangu 2002 kufundisha udi na kanuni na vijana walopita pale wamejaa mjini, na wazee wako Malindi na Vuga. Kazi hiyo kwa mtu anojua ni ya dakika chache, kwa programu haipo.

KIKUNDI KIZIMA NDANI YA FAILI MOJA

Ukiwa na rekodi ya kikundi kikubwa, mathalan Nadi Ikhwan Safaa wa Malindi ambao wako tangu 1905, au Culture Musical Club, una fidla kadhaa kwa pamoja, kodiani, udi, kanuni, besi, dumbaki, rika, mwimbaji na waitikiaji, vyote vimeshachanganywa kwenye treki mbili za kushoto na kulia. Chai ishakorogwa sukari. Hakuna programu inayoitoa ikabaki chai kavu, ziko zinazopunguza utamu.

Za kutenganisha ziko Spleeter ya Deezer ya 2019, na Demucs ya watafiti wa Facebook ambayo ni bora zaidi, na kama hutaki kuandika amri kwenye skrini nyeusi kuna Ultimate Vocal Remover, ya bure, inaitumia Demucs kwa vitufe. Zinakupa makundi manne: sauti ya mtu, ngoma, besi, na "mengineyo". Sasa hayo mengineyo ndo taarab yenyewe ilipo, fidla na kanuni na udi na kodiani zimerundikwa kapu moja, kwa sababu mitambo hii imefunzwa zaidi kwa nyimbo za pop na roki za wenzetu, udi hawaujui ni mdudu gani. Mara nyingi fidla inayolia peke yake inakwenda kukaa kwenye sauti ya mtu. Lakini kuondoa tu dumbaki na rika kabla ya kugeuza ni faida kubwa sana, maana dumbaki ikiachwa kila "dum" inaandikwa kama noti ya besi.

Ngoma zenyewe usizigeuze kwa programu ya noti. Ableton ina njia yake ya ngoma, lakini inatafuta kiki na sneya na hai-hati, dumbaki inaitia ndani ya hayo hayo. Mimi naona bora uziandike kwa mkono, mdundo ni ule ule unajirudia. Kwenye orodha ya kawaida ya chaneli ya 10 dumbaki haimo, tumia 64 ya konga ya chini kwa dum, 60 ya bongo ya juu kwa tak, na rika itie 54 ya tambarini. Si yenyewe, lakini mtu ataielewa.

Na ikiwa unachotaka ni melodi tu, fanya hivi: vaa hedifoni, weka wimbo, mwambie mtu anojua kuimba au kupiga fidla aifuate melodi, rekodi yeye peke yake kwenye chumba chenye mapazia na godoro (si ukumbi wa mawe wa Mji Mkongwe wenye dari refu, ule mwangwi unazifanya noti zipandane), halafu igeuze HIYO. Sauti moja, safi, hamna ngoma hamna vigelegele. Watu wanaona ni kudanganya, kwani mteja kataka nini, kataka noti. Jioni moja mmeshamaliza wimbo ambao programu ingekupa wiki ya kufuta takataka.

Rekodi ulotumiwa kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti nayo usitegemee sana, imeshabanwa na imekatwa. Mwambie alonayo akutumie kama dokumenti, hapo inakuja kama ilivo.

MWIMBAJI KATOKA VIPANDE VIPANDE

Ule mtikisiko wa koo ndo unakatwa. Kwenye Basic Pitch na nyenziwe kuna urefu mdogo wa noti, uongeze, kwa uimbaji anza na milisekunde 120 hivi, halafu kile kipimo cha kukata na kuunganisha kisogeze upande wa kuunganisha. Udi ni kinyume, ile risha ya haraka haraka kwenye noti moja inaunganishwa ikawa noti moja ndefu kama ya kodiani, basi sogeza upande wa kukata na punguza urefu. Ndo maana usigeuze ala mbili kwa mpangilio mmoja.

SAUTI IKO SAWA LAKINI KWENYE KARATASI NI BALAA

Unaisikiliza inakwenda vizuri, unaifungua MuseScore unaona noti fupi fupi za moja ya thelathini na mbili, vituo kila pahala, mistari imepita katikati ya neno. Hiyo ni tempo. Programu nyingi zinaandika faili kwa mapigo 120 kwa dakika bila ya kujali wimbo una mapigo mangapi, wakati ni sahihi lakini vipimo si vyake. Usikwantaizi hapo, yani usiiambie programu izinyooshe noti zikae kwenye vipimo! Ukikwantaizi kabla ya kurekebisha mapigo umeshaiua. Tia kwanza mapigo ya kweli, kwenye Reaper au DAW yoyote (programu ya kurekodia na kupangia muziki) unaweka alama za vipimo juu ya rekodi ukifuata kundi linavokimbia na kupoa, maana hakuna kikundi cha watu kinachokwenda kama saa, ndo unyooshe noti. Na taksimu, pale ala moja inapojipigia peke yake, iache kama ilivo. Taksimu haina mapigo, ukiinyoosha imekuwa kitu chengine.

SASA PROGRAMU IPI

Ala moja au mtu mmoja, noti moja moja: Sonic Visualiser ya Queen Mary, London, na plagini yake ya pYIN, bure, ina uso mgumu kidogo siku za mwanzo lakini unaiona sauti ilivopinda, kwa maqamu haina mfano. Ukitaka upesi, Basic Pitch ya Spotify ya 2022, bure, unaifungua kwenye brauza unatupia faili, inasikiliza na noti nyingi kwa pamoja ila ala iwe moja. Kwa mtu wa laptopu ya RAM nne hiyo ndo ya kuanzia, sioni sababu ya kuanzia pengine.

Kama tayari unayo DAW usinunue kitu, tizama kwanza ndani ya ulichonacho. Logic inayo kwenye Flex Pitch, Cubase kwenye VariAudio, FL Studio inayo kwenye Newtone, Ableton inayo kwenye Standard na Suite, ya Intro haimo, na wengi walopewa toleo dogo pamoja na kinanda wanaitafuta mpaka macho yanawauma. Melodyne ni nzuri wallahi, lakini toleo la essential linasikiliza noti moja kwa wakati mmoja tu, ukitaka zipigwazo pamoja lazima editor au studio na bei yake ni nyengine kabisa. Msije mkanunua la chini kwa kutizama video ya la juu. Zile za kukrakiwa za kwenye fleshi za watu nshaona zimeleta virusi zaidi kuliko noti.

Kama laptopu inaganda unapotenganisha kwa Demucs, usiipe wimbo mzima, kata vipande vya dakika moja moja, seva kila kimoja kikimaliza, umeme ukikatika katikati usipoteze chote.

Na kundi zima la fidla na kanuni zote unazitaka kila moja na treki yake, hapo sikutajii programu. Punguza mwendo kwenye Sonic Visualiser, zungusha vipimo viwili viwili, andika kwa sikio.

KINANDA HAKILIONI FAILI KWENYE FLESHI

Kompyuta inapiga vizuri, unakwenda kwenye kinanda cha watu siku ya harusi, hamna kitu. Kwanza fleshi, kama umeiformati NTFS au exFAT vinanda vingi havisomi, iwe FAT32. Pili, mafaili ya MIDI yana aina, aina 1 ina treki nyingi na aina 0 zote zimetiwa treki moja, vinanda vingi vya zamani vinataka 0, tafuta chaguo hilo unapotoa faili. Jina liwe fupi lisilo na nafasi, na usilifiche ndani ya folda tatu. Halafu lijaribu nyumbani, kwenye kinanda hicho hicho kama unaweza kukiazima, na usisahau kuangalia skeli ya E na B imebaki ulipoiacha, maana vinanda vyengine ukizima vinarudi vya kawaida.